Skripti Iliyomwita Mama Zaina

Nikiikumbuka siku moja katika miaka ile ya vita, mwanangu, naikumbuka hii: mama mmoja aliingia ofisini kwetu hapa Kindu, miguu imejaa udongo mwekundu mpaka magotini, akaniuliza, "Mutoto iko wapi?" Nami nikabaki mdomo wazi, maana sikujua ni mtoto gani, wala mama gani, wala nani aliyemwita.

Nakueleza leo kwa sababu ya jana. Jana ulikuja na laptop yako, ukanionyesha skripti uliyoandikia kituo cha afya, ile inayosoma orodha ya watoto, ikachagua wale ambao siku yao ya chanjo imefika, kisha ikatuma ujumbe kwenye simu za mama zao. Ukasema, "Ngoja niijaribu, papa, nione kama inachagua vizuri." Kidole chako kikaelekea kwenye kitufe. Nikakushika mkono kwa nguvu mpaka ukapiga kelele. Ulinitazama ukijiuliza kama mzee ameanza kurukwa na akili. Bado, mwanangu, bado kidogo. Sogeza kiti chako kutoka juani, ukae, nikueleze.

Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na kiburi nilikuwa nacho, sikufichi. Kompyuta za mji huu ungeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na moja ilikuwa mbele yangu. Nyumba moja ya misaada ndiyo iliyonipa kazi. Fundi mgeni aliyeondoka kwa ndege aliniachia kitabu cha lugha ya kompyuta iitwayo Perl, mchwa wamekwisha kula kona moja yote. Nilikisoma mara tatu. Zile kurasa zilizoliwa nilizijaza kwa akili yangu mwenyewe, na labda matatizo yangu yalianzia hapo.

Kazi ilikuwa hii. Vita vilitawanya watu. Risasi zinalia, mama anakimbilia upande huu, mtoto anafuata mkono wa mtu mwingine upande ule. Mzazi aliyepoteza mtoto aliandikwa kwenye fomu. Mtoto aliyeokotwa peke yake, popote pale, naye aliandikwa kwenye fomu. Mimi niliingiza fomu hizo kwenye orodha mbili, ya wazazi na ya watoto. Kisha skripti yangu, niliyoipa jina ita.pl, ilifananisha orodha hizo: jina la mtoto, jina la baba, kijiji, umri. Vikilingana, ilichapa karatasi ya kumwita mzazi, na papo hapo ikaandika neno "ameitwa" mbele ya jina lake, ili asiitwe mara mbili.

Karatasi zilidondoka kwenye kisanduku cha mashine ya kuchapa. Kila asubuhi saa nne Feruzi, mtu wetu wa foni, ile redio ya kuongelea mbali, alipita akazichukua, akaenda kuzisoma hewani. Kalima wakasikia, Kailo wakasikia, huko wakaandika kwa mkono na kuwapelekea wenyewe. Feruzi hakuniuliza neno, nami sikumwambia neno. Mazoea yana taabu, mwanangu. Tulikuwa tumezoeana.

Sasa sikia skripti yenyewe ilivyokuwa. Ilikuwa kipande kimoja kirefu, inaanza juu inashuka mpaka chini bila kituo. Soma, fananisha, chapa, weka alama. Ukitaka kujua kama kufananisha kunakwenda sawa, huna pa kuingilia. Lazima uiendeshe yote, na ukiiendesha yote imekwisha chapa na imekwisha weka alama. Mimi sikuona ubaya wowote. Nilijisifu hata, kwamba nimeandika kitu ambacho ukigusa mara moja tu kinafanya kazi nzima.

Bon, turudi kwa yule mama.

Aliitwa Mama Zaina; Zaina ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Alikuja na baba yake, Mzee Assumani, mtu mfupi, kofia yake ya sala imefifia, anaongea polepole. Walitembea siku nne msituni kutoka kijiji cha mbele ya Kalima, wakafika Alunguli ng'ambo ya mto, wakavuka Lualaba kwa mtumbwi. Na msitu wa siku zile unaujua kwa kusikia tu; sisi tuliupita tukiwa tumeshikilia roho mkononi. Mama Zaina alikuwa na furushi dogo. Ndani mlikuwa na gauni la mtoto na samaki wa kukaushwa aliyefungwa kwenye majani.

Akafungua fundo la kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni, akatoa kipande cha karatasi.

"Mulituita kwa foni," akasema. "Waliandika hapa. Mutoto Tausi anapatikana Kindu. Mama yake akuje."

Niliisoma ile karatasi. Maneno yalikuwa yangu. Nilimwambia akae, nikampa maji, nikafungua orodha ya watoto. Tausi alikuwemo. Nikafurahi! Nikasema twendeni, iko kwenye nyumba ya watoto, siyo mbali. Sikusoma mstari wote. Furaha nayo hupofusha.

Pale kwenye nyumba ya watoto wakamwita Tausi. Akatoka binti mrefu wa miaka kama kumi na miwili. Mama Zaina alikuwa anatafuta mtoto wa miaka sita. Alimtazama yule binti, kisha akatazama mlango nyuma yake, anangoja mwingine atoke. Na yule binti naye alimtazama mama huyu juu mpaka chini, maana naye alikuwa ameambiwa mama yake amekuja.

Hakuna aliyetoka tena. Mama Zaina akauliza kwa sauti ndogo, "Na ule wangu?"

Mwanangu, nimeona mambo mengi katika vita, lakini hilo ndilo linaloniamsha usiku. Mama yule hakulia. Aliketi chini, akafungua furushi, akampa yule binti samaki. Akamwambia, "Kula, mama. Wewe pia wanakudanganya." Nilitamani ardhi inimeze.

Nilirudi ofisini nikakaa mbele ya kompyuta. Nilisema, lazima kuna kosa ndani ya skripti. Nikaisoma mstari kwa mstari. Kanuni ya kufananisha ilidai jina la baba. Baba zao walikuwa tofauti. Ilidai kijiji, vijiji tofauti. Ilidai umri, iliruhusu kupishana miaka miwili tu. Sita na kumi na mbili! Kwa skripti ile, karatasi ile isingeweza kuandikwa. Lakini karatasi ilikuwa imeandikwa, na mama alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya dirisha langu. Nikaisoma tena. Nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Nilizunguka kama mtu aliyepotea katika shamba lake mwenyewe. Nikaanza kufikiri mambo ya ajabu, kwamba labda kuna mtu ananichezea, labda mashine imeingiwa na kitu. Usinicheke. Mtu akichanganyikiwa anamshuku hata kuku.

Mwishowe nikaenda kwa Feruzi, ambaye kwa umri nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya Feruzi, hii karatasi ya Tausi uliitoa wapi?"

"Kwa kisanduku, sawa siku zote. Ilikuwa peke yake. Siku ile ulienda kula mbio mbio, unakumbuka? Uliacha hata mulango wazi."

Hapo nikakumbuka.

Siku ile nilikuwa nabadilisha kanuni ya umri. Wazee wengi hawajui mwaka aliozaliwa mtoto, na kanuni yangu ya zamani ilikuwa kali, inawaruka watu. Kabla ya kuilegeza nilitaka kuona kama ile sehemu ya kufananisha inanisikia. Basi nikaondoa kila kitu, nikaacha jina la mtoto peke yake, nikasema "nijaribu tu", nikaiendesha. Mashine ikalia, karatasi moja ikatoka. Nikapiga makofi: kumbe inanisikia! Nikarudisha kanuni zote, nikaweka ile miaka miwili, nikahifadhi, nikaenda kula sombe, yale majani ya muhogo. Ile karatasi ya kujaribia niliiacha palepale. Sikuitazama hata ina jina la nani. Wazee walisema mdharau mwiba guu huota tende. Ila mwiba ulikuwa wangu, na guu lililoota tende lilikuwa la Mama Zaina.

Ndiyo maana sikuona kosa. Skripti niliyokuwa naisoma ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa katika namna yangu ya kujaribu, na namna ya kujaribu haiandikwi popote.

Nikatoka nje, nikapiga magoti mbele ya benchi. Mzee Assumani alikuwa ameshika fimbo yake.

"Mzee, nisamehe. Mama, nisamehe."

"Nani alituita?" akauliza yule mzee.

"Hakuna aliyewaita, mzee. Ilikuwa kujaribu tu. Nilikuwa najaribu mashine."

Alilitafuna lile neno. "Kujaribu," akasema. "Unajaribu kwa jina ya mutoto ya mutu?"

"Sikuwa na njia nyingine."

Nilitegemea anipige fimbo, na ningempa mgongo. Hakunipiga. Alinisogelea akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake.

"Mimi niko mutu wa ngoma. Ile ngoma ya muti, haina ngozi, inaongea na vijiji. Nilijifunza mwaka muzima bila kuigusa. Unajua nilikuwa napiga wapi?"

"Sijui, mzee."

"Kwa mugomba. Mugomba wa kuangusha chini. Ukiupiga hauna sauti. Mukono unajifunza, masikio ya watu inalala. Maneno ya kufa, maneno ya moto, maneno ya mutoto kupotea, yote nilipiga pale. Hakuna mutu alikimbia. Hakuna mama alitupa jembe. Siku walinipa ngoma, kila neno nilipiga lilikuwa kweli. Sasa wewe, kijana, mugomba yako iko wapi?"

Nilikuwa na ngoma peke yake, na kila nilipotaka kunyoosha mkono nilikuwa naita watu.

Hawakuweza kurudi kwao, njia ilikuwa imefungwa tena. Ndugu mmoja wa dini akawapa chumba mtaa wa Mikelenge na kipande cha ardhi cha kupanda muhogo. Nami nikakaa chini kutafuta mgomba wangu.

Nilitafuta siku nyingi, mwanangu, na kichwa kilikuwa giza. Kwanza nilidhani nitengeneze nakala ya skripti, moja ya kujaribia na moja ya kazi. Nikafanya. Baada ya wiki zikawa hazifanani tena, nikirekebisha hii nasahau ile, mpaka nikawa sijui ipi ni ipi. Kisha nikaweka alama ya # mbele ya mistari ya kuchapa ili inyamaze, halafu siku moja nikasahau kuiondoa, na wazazi wa kweli hawakuitwa kutwa nzima. Aka! Nilikuwa nimetoka kwenye shimo nikaingia kwenye handaki.

Jibu lilikuwa katika kitabu cha fundi, kwenye ukurasa ulioliwa nusu. Kuna neno katika Perl, caller. Skripti ikiliuliza neno hilo, inajibiwa ni nani aliyeiita. Nililisoma neno hilo nikakumbuka swali la Mzee Assumani, "Nani alituita?"

Nikaikata ita.pl vipande. Kipande kimoja kisome orodha. Kimoja kichague mzazi wa kutafutiwa. Kimoja kifananishe watu wawili na kujibu ndiyo au hapana, basi, kisiguse kitu kingine. Kimoja kichape na kuweka alama, na hicho nikakifundisha kungoja kuambiwa pa kuandikia, badala ya kukimbilia chenyewe kwenye mashine ya kuchapa. Popote nilipokuwa nimeandika exit, yaani toka kabisa, nikaweka return, yaani rudi kwa aliyekuita, kwa sababu exit ndani ya kipande inamuua hata aliyekiita. Kisha nikaandika kipande kinachoviita vyote kwa mpangilio, nikakipa jina main. Na chini kabisa nikaandika mstari mmoja:

main() unless caller;

Maana yake, kama hakuna faili lingine lililokuita, yaani mtu amekuendesha wewe mwenyewe moja kwa moja, fanya kazi yote. Lakini kama faili lingine limekupakia ndani yake, nyamaza. Toa vipande vyako vitumike, usichape, usiweke alama, usimwite mtu. Na chini ya hapo kuna 1; peke yake, usiisahau, Perl hununa isipoiona.

Halafu nikafungua faili jipya, nikaliita mgomba.t. Faili hilo linaipakia ita.pl, nayo inakaa kimya. Kisha linakiuliza kipande cha kufananisha maswali kwa majina ya watu wasiokuwepo: Fulani binti Fulani, wa kijiji cha Hakuna. Baba sawa, kijiji sawa, umri unapishana mwaka mmoja? Ndiyo. Jina sawa, baba mwingine? Hapana. Sita na kumi na mbili? Hapana! Nililiendesha mara ishirini siku ya kwanza kwa raha tu. Mashine ya kuchapa haikukohoa hata mara moja. Feruzi alipita saa nne, akakuta kisanduku kitupu, akanitazama kwa mashaka.

Ungedhani hadithi imeisha hapo. Mimi pia nilidhani.

Kila Ijumaa baada ya sala Mzee Assumani alipita ofisini. Hakukosa. Anasimama mlangoni, anauliza, "Mashine inasema nini?" Nami najibu, "Imenyamaza, mzee." Anaitika kwa kichwa, anakwenda zake. Fomu ziliendelea kuingia, kutoka Kibombo, kutoka Punia, wazazi wengine wakaitwa, wengine wakacheka, wengine wakazimia kwa furaha. Kwa Mama Zaina kimya. Ijumaa ya kwanza, ya pili, ya tano, ya nane. Ijumaa ya tisa mzee hakuuliza swali lile. Aliuliza lingine.

"Imenyamaza kwa sababu haimuone mutoto, ao kwa sababu haitutafute tena?"

Nikamwambia kwamba mashine haichoki kutafuta. Lakini alipoondoka lile swali lilibaki mlangoni. Zamani ningefungua ita.pl nikaanza kuvurugavuruga kanuni na kuiendesha, nione itasema nini, na Mungu peke yake anajua ningemwita nani safari hiyo. Sasa nilikuwa na mgomba. Nikaandika kwenye mgomba.t mama wa kubuni na mtoto wa kubuni, wa mfano wa Zaina na Tausi wake. Jibu: ndiyo, wanalingana. Kwa hiyo kosa halikuwa katika kufananisha. Nikakiuliza kipande kinachochagua nani wa kutafutiwa. Mzazi ambaye bado hajaitwa? Anatafutiwa. Mzazi aliyekwisha kuitwa? Anarukwa.

Anarukwa.

Nikafungua orodha ya wazazi, ile ya kweli, nikashuka kwa kidole mpaka kwa Zaina. Mbele ya jina lake palikuwa na neno moja: ameitwa.

Ee Mungu wangu. Siku ile ya "kujaribu tu", skripti haikuchapa karatasi peke yake. Iliweka na alama, kama nilivyoifundisha mwenyewe. Nilimwomba msamaha kwa karatasi, nikaisahau alama. Wiki tisa zote mashine ilikuwa inampita yule mama, kwa sababu mimi niliiambia kwamba amekwisha kupata. Nilishika kichwa. Baba yake alikuwa anakuja kila Ijumaa kwa miguu yake miwili kusikia "imenyamaza", na mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Nikafuta lile neno. Nikalisoma lile jina mara mbili, nikaita Feruzi asimame kando yangu, nikaiendesha ita.pl. Kwa kweli safari hii, si kwa kujaribu. Karatasi ikatoka. Tausi, wa baba Salumu, kijiji kilekile, miaka sita au saba, kovu juu ya sikio la kushoto. Yuko Kibombo. Fomu yake ilikuwa imeingia kwenye orodha yangu siku kumi na moja kabla.

Mtoto aliletwa na mfanyabiashara wa baiskeli, akikaa juu ya gunia, kwa ile njia inayofuata reli. Tukamtuma mtu Mikelenge kumwita mama. Mtu akarudi peke yake.

"Anakataa," akasema. "Anasema mulikwisha mujaribu mara moja."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ndiye niliyekuwa nyoka. Nikamshika mtoto mkono, tukaenda kwa miguu mpaka Mikelenge. Niliogopa. Je, kama na huyu si wake? Niliisoma fomu mara kumi, nikaona kovu kwa macho yangu, na bado niliogopa.

Mama Zaina alikuwa shambani, ameinama. Aliinuka, akaniona mimi kwanza, uso ukafunga. Kisha akamwona mtoto. Hakukimbia. Alikuja taratibu, jembe bado mkononi, akasimama mbele yake, akasogeza nywele za mtoto juu ya sikio la kushoto, akaangalia. Akaangalia tena. Mtoto akasema, "Mama, ulichelewa." Hapo jembe likaanguka.

Sikusikia vizuri kilichofuata, maana nami nilikuwa nalia, sioni aibu kukuambia. Ila Mzee Assumani alitoka nyumbani, akawatazama, kisha akaniwekea mkono begani.

"Leo njo umetuita," akasema, yaani leo ndipo umetuita kweli.

Mzee yule alifariki zamani, Mungu amrehemu. Mama Zaina yupo, amezeeka kuliko mimi, na tukikutana sokoni ananikodolea macho na kuniuliza, "Leo ni kweli ao unajaribu?" Watu wanacheka, nami nacheka. Lakini mpaka leo sijui kama anatania, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Sasa tuje kwa mkono wako. Jana ulipofungua orodha yako ya chanjo, macho yangu yalishuka kwenye majina ya mama. Mstari wa tatu. Mama wa mtoto: Tausi, binti Salumu, Mikelenge. Ni yeye, mwanangu. Amezaa. Kidole chako kingeshuka, simu ya Tausi ingelia, naye angembeba mtoto mgongoni kwa jua hili kwenda kituoni siku ambayo hakuna chanjo, na wewe ungesema, "Nilikuwa najaribu tu." Ningewezaje kukuachia mkono?

Kwa hiyo shika maneno haya. Skripti yako usiiache iwe kipande kimoja kinachofikiri na kusema kwa pumzi moja. Kinachochagua kiwe mbali na kinachotuma, ili umuulize mchaguzi peke yake na mtumaji asijue. Weka chini ule mstari mmoja, ili skripti ijue kama imeendeshwa kwa kazi au imepakiwa kwa majaribio. Ukijaribu, jaribu kwa watu wasiokuwepo, na ujaribu kila siku, hata pale unapojiamini, hasa hapo. Na kama ulikwisha kukosea, usifute kile kinachoonekana tu. Tafuta na alama iliyobaki nyuma, kwa maana ndiyo inayoendelea kuumiza watu wakati wewe umelala. Na akija mzee asiyejua kompyuta akakuuliza swali, usimjibu haraka. Kuuliza si ujinga, na swali lake linaweza kuwa ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Haya, fungua laptop yako, tutengeneze mgomba wako pamoja kabla chakula hakijaiva. Mungu akupe mkono mtulivu wakati wa kujifunza na sauti ya kuaminika siku ya kuita. Kila mama utakayemwita afike, na akifika, akute kweli kile ulichomwitia. Amina, mwanangu.